Bibi Akae Katikati

Nakiri leo, nikiwa na akili zangu timamu na miwani yangu ya kusomea, kwamba siku ile katika kiwanja cha ndege cha Malindi sikwenda chooni kwa sababu ya mbaazi. Jambo hili nimelikana utoto wangu wote na utu uzima wangu wote. Aliniuliza ami yangu, nikakana. Aliniuliza mama yangu, nikakana. Mume wangu aliniuliza tukiwa wachumba, kwa upole, kama mtu anayetaka kujua anaoa nini hasa, nikamtazama usoni nikamwambia: tumbo. Sasa wengi wa walioniuliza wametangulia mbele ya haki, na waliobaki wamelisahau swali, nami nimebaki na jibu lisilohitajiwa na mtu. Nalitoa bure.

Aliyenikumbusha ni binti mmoja wa kaunta ya ndege, hivi majuzi, tulipokuwa tukisafiri mimi, mume wangu na wanangu. Aliinua macho kutoka kwenye kompyuta yake akauliza, "Mngependa kukaa pamoja?" Wanangu wakajibu kwa sauti moja, kabla sijafungua mdomo: "Hapana." Binti akacheka, akaona haya, akainama. Mimi nilicheka zaidi yake, mpaka watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kunikalia mbali. Nilikuwa nimemwona Bibi wa siku ile ya Malindi, akiwa ameketi juu ya kikapu chake cha ukili, mikono juu ya magoti, akikataa kupanda ndege.

Bibi alikuwa mama yake Baba. Nilikulia nyumbani kwake, katika mji wa kale wa Malindi, na tangu nilipojua kusema sawasawa kazi yangu ilikuwa moja: kumwonea, yaani kuwa macho yake. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili, utando mweupe kama maji ya mchele, na kila mwaka ulizidi kuwa mzito. Tulipotembea aliweka mkono wake begani kwangu, mkono wenye harufu ya karafuu na mafuta ya nazi, nami nikamwambia kila kilichopita. "Bibi, kuna mtu anakuja na baiskeli, amepakia samaki." "Samaki gani?" "Wakubwa." "Wakubwa si jina la samaki, mama. Tazama mkia." Nilijifunza kutazama kwa sababu yake. Baadaye chuo kikuu kilinipa shahada na kunifundisha kuandika mambo nisiyoyaona, lakini hayo ni masikitiko mengine.

Baba alifanya kazi Nairobi. Ndiye aliyempata daktari wa macho, bingwa mgeni aliyekuja kwa muda tu na aliyekuwa karibu kuondoka, akamwekea Bibi siku. Kwa basi haikuwezekana. Magoti ya Bibi yasingestahimili safari ya kutwa kucha. Baba akakata tiketi za ndege: ya Bibi, ya Shangazi Zena, binti yake Bibi, na yangu mimi, kwa kuwa Bibi hakwenda popote bila bega langu.

Bibi aliisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, kisha akatoa sharti lake. "Nitakwenda. Lakini nikae katikati. Zena huku, mtoto huku. Nikipapasa kulia nimguse wangu, nikipapasa kushoto nimguse wangu. Kama si hivyo, niacheni na giza langu. Nimeshalizoea."

Aliyevuruga mambo ni Ami Salimu, mdogo wake Baba, ingawa hakukusudia. Ami alikuwa na duka la vyakula sokoni, lenye harufu ya bizari na mafuta ya taa, na alikuwa mtu wa kujua mambo. Alasiri moja nikiwa nimekaa juu ya gunia la kunde, nilimsikia akimweleza mteja habari za ndege za Malindi. "Zile si ndege kubwa, yakhe. Ndogo zile. Mnapimwa kwanza, mmoja mmoja, kama magunia ya kopra. Halafu mnapangwa kwa uzito, huku na huku, ndege isilale upande."

Mteja alisema, "Lo!" akanunua sukari yake akaenda. Mimi nilibaki pale nikiitazama mizani ya Ami.

Ilikuwa mizani ya sinia mbili. Unga ulikaa upande huu, jiwe likakaa upande ule, na Ami hakuridhika mpaka sinia zote mbili zilingane. Nilikuwa nimeitazama mizani ile maisha yangu yote, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Bibi akiketi upande mmoja wa ndege, atakayeketi naye sambamba ni lazima awe na uzito wake. Na Bibi alikuwa mwanamke mnene, alhamdulillahi, mnene wa kuheshimika. Shangazi Zena angefaa bila shida. Mimi nilikuwa ufito. Mimi ningepangwa na ufito mwingine, pengine mbali, pengine na mizigo, na Bibi angepapasa upande wangu akute mtu mwingine au hewa tupu. Hapo angeteremka. Asingefika kwa daktari. Na sababu ingekuwa wembamba wangu.

Sikumwambia mtu. Siku ya safari, wakati Ami anahangaika kutafuta gari la kutupeleka, niliingia dukani nikachukua mawe ya mizani, yale ya chuma, makubwa kwa madogo, kadiri nilivyoweza kubeba. Nikayafunga ndani ya leso kuukuu, nikajifunga kibindo kiunoni chini ya gauni langu la Idi. Nilitembea kama bata anayetaga. Mama, aliyebaki nyumbani na mdogo wangu mchanga, alinibusu mlangoni akasema, "Masha Allah, umenenepa," nikaona mpango wangu unafanya kazi.

Kiwanja kilikuwa chumba kimoja cheupe, feni juu, na mzani mkubwa karibu na mlango. Huu haukuwa na sinia; ulikuwa wa kusimama juu yake, wenye mshale, kama ule wa kliniki. Ningekuwa na akili ningejiuliza unamlinganisha nani na nani. Nyuma ya meza alisimama kijana wa bara, shati jeupe, mwenye adabu lakini mwenye haraka. Walikuwapo pia Wazungu wawili, mume na mke, wamebabuka kwa jua, waliokuwa wakitusubiri tumalize.

"Haya mama, mmoja mmoja apande hapa," alisema kijana.

Bibi aliongozwa mpaka kwenye mzani. Kabla hajapanda alimwinamia yule kijana. "Mwanangu, andika. Kunitangaza sikukutuma."

"Sitasema, mama."

Alipanda. Mshale ukaruka. Bibi akaninong'oneza, "Unasema ngapi?" Nikamnong'oneza. Akashuka, akajifunika buibui lake vizuri. "Mzani wenu muongo," akamwambia kijana, bila hasira.

Akapanda Shangazi Zena, akashuka akisingizia viatu. Kisha mimi.

Kijana aliutazama mshale. Akanitazama mimi, mikono yangu, shingo yangu, miguu yangu iliyofanana na vijiti vya kusongea. Akaugonga mzani kwa kidole. Akanishusha, akanipandisha tena.

"Mtoto huyu anakula nini?"

"Anakula vizuri," Shangazi akajibu kwa ukali. "Kwani umeambiwa kwetu kuna njaa?"

Kijana alirudi kwenye meza yake, akajumlisha, akajumlisha tena, akaweka kalamu chini. Uzito umezidi, alisema. Vikapu vyetu, mizigo ya wageni, na watu, vyote pamoja vimezidi. Itabidi mmoja asubiri ndege ya kesho. Akanielekeza kidole. Afadhali mtoto, mtoto anaweza kurudi nyumbani na ami yake.

Nadhani nimewahi kusikia habari mbaya zaidi tangu siku hiyo, lakini sikumbuki ni zipi. Mawe niliyojifunga ili niketi na Bibi ndiyo yaliyokuwa yakinitoa kwenye ndege.

"Mtoto akibaki, nimebaki," alisema Bibi. Akapapasa, akakipata kikapu chake, akaketi juu yake. Ndani mlikuwa na halua na boga la kumpelekea Baba. Halua sijui kama ilipona.

Ami Salimu alipiga magoti mbele yake. "Mama, tafadhali. Daktari anaondoka. Ukikosa siku hii hatujui tutampata lini mwingine. Zena yupo, atakushika mkono."

"Zena hajui kutazama. Nikimuuliza kuna nini, ananijibu hakuna kitu."

"Kwa sababu mara nyingi hakuna kitu!" alisema Shangazi.

"Salimu, nirudishe nyumbani."

Nje ndege ilikuwa imesimama juani, nyeupe, ndogo kuliko nilivyodhani. Kijana alitazama saa yake. Mzungu akamwambia mkewe jambo. Bibi alikuwa ameuelekeza uso wake ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kitu, na ilinijia kwamba atabaki ameuelekeza ukutani daima.

"Nataka kwenda chooni," nikasema.

Choo kilikuwa nje, na nyuma yake palikuwa na kichaka cha maua mekundu yenye miiba. Nilifungua leso, mawe yakaanguka yakizama kwenye mchanga, nikayafukia kwa mguu, nikachomwa mara nyingi, nikarudi mbio. Nilikuwa mwepesi hata nilihisi nikiruka nitaning'inia. Nikasimama moja kwa moja juu ya mzani bila kuambiwa.

"Nipime tena."

Kijana alikuwa ameshakataa kwa kichwa alipouona mshale. Akauinamia. Akakiangalia kile choo kupitia dirishani, kwa muda. Akaniangalia mimi.

"Subhanallah," alisema Shangazi Zena. "Mwanangu, ulikuwa na nini?"

"Tumbo," nikasema.

"Jana alikula mbaazi," Bibi akaeleza, akimwelekea kijana kwa heshima zote, kana kwamba ni ushahidi wa kitaalamu.

"Mbaazi zipi hizo?" aliuliza Ami. "Si zangu!"

Mzungu hakujua Kiswahili lakini alikuwa ameona mshale kabla na baada, na alikuwa ameona nilikotoka, na hilo lilimtosha. Alikwenda kusimama nje mabega yakimtikisika. Kijana alifuta hesabu yake akaandika nyingine. Tunaweza kusafiri wote, alisema, na akamwomba Ami, kwa sauti ya chini, anitafutie dawa ya minyoo.

Habari hiyo ilifika mjini kabla hatujafika Nairobi. Imesimuliwa katika harusi za binamu zangu wote na katika harusi yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa mbele ya watu nimepambwa. Ningeweza kuikata wakati wowote kwa kusema neno moja, mawe. Lakini mtoto anayejifunga mawe tumboni ni mjinga, na mimi tayari nilikuwa nimeanza kusifiwa shuleni kwa akili. Nilichagua mbaazi. Ami naye alinunua mawe mengine, akawashuku wateja wake wote mmoja baada ya mwingine, na aliponiuliza mimi nilimtazama hivi hivi.

Sasa, hatukuwa tumemaliza. Shangazi Zena alikuwa na sifa moja mjini kote: hakuna aliyemshinda kushika nafasi. Penye harusi au maulidi yeye ndiye aliyetangulia, akatandika leso yake mkekani mahali pazuri, na hata mke wa kadhi asingethubutu kuiondoa. Mlango wa chumba ulipofunguliwa, alikusanya buibui lake akakata uwanja kwa hatua ndefu, akapanda ndege wa kwanza, akaenda mpaka nyuma kabisa ambako palikuwa na kiti kirefu cha kuwatosha watu watatu. Akakitandika leso mbili, kingo kwa kingo. Tulipofika mlangoni alikuwa amesimama juu yake kama askari. "Mama! Nimekupatia! Utakaa katikati!"

Rubani akachungulia. Alikuwa Mwafrika, kijana kuliko nilivyotazamia, na shati lake lilikuwa na mistari mabegani. "Mama," alimwambia Shangazi, "hapo nyuma hamwezi kukaa nyinyi wawili. Ndege itainua pua kabla sijaiambia. Mmoja nyuma, na huyu mama mkubwa aje mbele, karibu yangu."

"Nimeshatandika!"

"Naona, mama. Leso nzuri."

Bibi alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye kidaraja. Aliuondoa. Mkono wake ulinikaza begani mpaka nikauma meno. "Ndiyo nilivyosema," alisema. "Nilisema mapema, mkaniona mtoto. Turudi."

Hapo nilikuwa sina tena mawe ya kutupa. Rubani akashuka. Badala ya kubishana, alisimama mbele yake akasema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akamsikiliza. "Wewe ni kijana."

"Kidogo, Bibi."

"Umewahi kuanguka?"

"Bado."

"Na huko mbele unakaa na nani?"

"Peke yangu. Kuna kiti cha pili, lakini mara nyingi kiko wazi."

"Peke yako?" Bibi aligeuza uso kunitafuta, kana kwamba mimi ndiye wa kueleza aibu hiyo. "Mpaka Nairobi? Na kurudi? Na watu wako nyuma wanazungumza?"

"Ndivyo kazi ilivyo, Bibi."

Ili uelewe kilichotokea, lazima uwe umekulia nyumba kama yetu, ambamo mgeni akila peke yake ni fedheha ya ukoo, na mtu akikaa pembeni harusini huitwa kwa jina mpaka asogee. Bibi hakuweza kulivumilia. Nilihisi mkono wake ukilegea begani mwangu. "Mtoto wa watu anaachwa mbele peke yake kama amewakosea," alisema, si kwake, bali kwetu sote, Wazungu wakiwamo. "Zena! Kunja leso zako. Kijana, nishike mkono. Una umri wa mjukuu wangu wa kwanza, hakuna ubaya."

Basi hivyo ndivyo tulivyokaa pamoja kama familia: Bibi mbele na rubani, mimi nyuma ya kiti chake, Wazungu katikati, na Shangazi Zena mkiani, peke yake juu ya leso mbili. Nilinyoosha mkono nikamshika Bibi begani, kinyume cha siku zote. Injini ikanguruma. Nilikaa wima kabisa, bila kuegemea upande wowote, nikiogopa nisiilaze ndege. Na ilipoinama yenyewe kugeukia bara, niliegemea upande wa pili kwa nguvu zangu zote, nikaamini kwamba nimetuokoa.

Kisha nikaanza kazi yangu. "Bibi! Mto! Maji yake mekundu, yanaingia baharini! Bibi, kuna kivuli chetu chini!" Kwa ngurumo ya injini sikujisikia hata mimi mwenyewe. Bibi alikuwa amevalishwa visikizio vikubwa juu ya mtandio wake, na rubani alikuwa akimwonyesha hiki na kile kwa kidole, kwa mtu asiyeona kidole, na akisema. Bibi alitikisa kichwa. Bibi akacheka. Mtu mwingine alikuwa akimwonea. Nikaendelea kupiga kelele hivyo hivyo. Sikulia, ingawa Shangazi husema nililia. Shangazi alifumba macho safari nzima.

Tulipotua nilimwambia nimempigia kelele njia nzima na hakunisikia hata neno.

"Nilikusikia," alisema. "Ulipoona kitu ulinibana bega. Ulipoona kikubwa ulinifinya."

Bingwa alimpasua jicho moja, kisha akapanga la pili. Shule zikafunguliwa, Baba akanirudisha kwa basi, akageuza siku ya pili yake, na mimi nikabaki Malindi na Mama, nikitembea sokoni na bega tupu. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Niliomba Bibi aone. Kisha nikajiuliza, akiona, atanihitaji nini? Nikaomba tena, haraka, Mungu asije akadhani nimebadili maneno.

Simu ililia dukani kwa Ami baada ya swala ya alasiri. Ndiyo iliyokuwa simu ya mtaa mzima, kwa hiyo watu wakaja. Ami alisikiliza, akasema "Ndiyo, ndiyo," akafuta uso kwa mkono wake wenye unga, akanipa mkono wa simu.

"Bibi? Bibi, leo hapa sokoni kuna..."

"Nyamaza, mama. Leo nakwambia mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo na ya mbali. "Niko ofisini kwa baba yako, nimesimama dirishani. Chini kuna mwanamume anauza mayai. Amevaa koti, na jua lote hili. Kuna mti wenye maua rangi ya zambarau, maua yote, hauna majani. Juu ya paa la mbele kuna mtu ameanika suruali, na suruali ina kiraka. Nyekundu. Kiraka ni cheusi. Unaona?"

"Naona, Bibi."

"Na Zena ana mvi. Nimemuuliza tangu lini, anasema si kitu."

Nyuma yake nilimsikia Shangazi akilalamika. Ami alikuwa akinivuta gauni: niulize watarudi kwa basi au kwa ndege, na kama ni ndege awahi kuzungumza na watu wa kiwanja wawapange pamoja. Nikauliza.

"Ndege," alisema Bibi. "Na asiseme na mtu. Mimi nakaa mbele. Yule kijana nilimwahidi nitarudi nimwone sura."

"Na Shangazi?"

"Zena ana leso zake. Wewe njoo kiwanjani usimame mahali nitakapokuona. Usipunge mkono. Nataka nikujue mwenyewe."